Mbwa wa Kungoja

Labrador ni mbwa wa kuokota. Kazi yake huanza pale ambapo kazi ya mbwa wengi wa mawindo huishia, yaani baada ya windo kuanguka. Mwindaji wa bata hujificha kwenye matete kando ya bwawa, au ndani ya mashua iliyofunikwa majani makavu, na kufyatua bunduki ya marisau. Bata akidondoka mbali majini, mbwa hutumwa. Huogelea, humbeba ndege kinywani bila kumtafuna, hurudi naye na kumkabidhi mkononi. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuona mbwa wakimfukuza digidigi au kumzingira ngiri hana budi kuiweka picha hiyo kando, kwa maana Labrador anayekwenda kufukuza kwa hiari yake ameshaharibikiwa kazi. Katika asubuhi nzima ya uwindaji, kukimbia na kuogelea huenda kukachukua dakika chache tu. Muda wote uliobaki mbwa ameketi. Ameketi kwenye baridi, ubavuni mwa bunduki, ndege wakipita juu ya kichwa chake, naye hatakiwi kubweka, kulialia wala kunyanyuka mpaka aambiwe.

Familia nyingi za Marekani na Uingereza zinazotaka mbwa wa aina hii huuliza kama mbwa mmoja anaweza kufaa bwawani na sebuleni pia. Huuliza hivyo kwa kudhani kwamba ziko tabia mbili zinazovutana, ya ukali wa kazi na ya upole wa nyumbani, na kwamba mnunuzi atalazimika kupunguza moja ili apate nyingine. Ukweli ni kwamba tabia ni moja. Mbwa awezaye kungoja hufaa kote kuwili. Yule asiyetulia miguuni pa wenyeji wakila chakula cha jioni, anayemparamia kila mgeni na kuzunguka nyumba usiku kucha, ndiye atakayechupa kutoka mashuani kabla ya risasi na kuitikisa mashua yenye watu wawili na bunduki mbili. Kuchagua mtoto wa Labrador ni kuutafuta utulivu huo kabla haujajionyesha, na dalili zake nyingi haziko kwa mtoto mwenyewe.

Asili ya mbwa huyu yaeleza kwa nini anapenda maji na watu kwa pamoja. Mababu zake hawakutoka Labrador bali kisiwa jirani cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Huko wavuvi wa chewa walikuwa na mbwa weusi wa wastani, wenye manyoya mafupi mazito, waliokuwa wakirukia maji baridi kufuata samaki walioponyoka kwenye ndoana na kamba zilizokwenda na mkondo. Mbwa hao waliishi na wavuvi, wakalala walipolala wavuvi. Meli za biashara ya samaki wa chumvi ziliwafikisha Poole, bandari ya kusini mwa Uingereza, na mapema katika karne ya 19 Lodi wa Malmesbury, mwenye mashamba yaliyofurika maji karibu na bandari hiyo, aliwaona na kuwapenda kwa uwindaji wa bata. Ukoo wa Buccleuch wa Scotland nao ulikuwa na wa kwao. Katika miaka ya 1880 Lodi wa tatu wa Malmesbury aliwapa Buccleuch mbwa kadhaa, wakiwamo madume Ned na Avon, na sehemu kubwa ya Labrador wa leo huhesabiwa kuwa ni kizazi chao. Kennel Club ya Uingereza iliitambua aina hii mwaka 1903, na American Kennel Club ikafuata mwaka 1917.

Umaarufu uliokuja baadaye umemletea mbwa huyu madhara kuliko maji yoyote ya barafu. Kuanzia 1991 hadi 2021, miaka 31 mfululizo, Labrador aliongoza orodha ya American Kennel Club ya mbwa waliosajiliwa kwa wingi, mpaka alipopitwa na bulldogi wa Kifaransa mwaka 2022. Mbwa anayetakiwa na kila mtu huzalishwa na kila mtu. Karatasi ya usajili inathibitisha jambo moja tu, kwamba baba na mama walisajiliwa. Haisemi kama waliwahi kuokota ndege hata mmoja, wala kama nyonga zao ni nzima.

Ndani ya jina hilo moja siku hizi mna mikondo mitatu iliyotengana kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani ni aina tofauti. Mkondo wa maonyesho una mbwa wapana, wenye kichwa kizito, kifua kikubwa na mkia mnene kama wa fisimaji. Wengi wao ni wapole, lakini hamu ya kuokota inaweza kuwa imefifia kwa sababu vizazi vingi vimechaguliwa kwa umbo. Mkondo wa mashindano ya uwandani ya Marekani una mbwa wembamba, wepesi, wenye moto. Mashindano hayo huwataka wakumbuke mahali walipoangukia ndege kadhaa, wengine zaidi ya mita 300 kutoka walipoketi, kisha wawafuate kwa mstari ulionyooka wakipita majini na vichakani. Anayeshinda huko ni mwanariadha, na mara nyingi amelelewa na mkufunzi wa kulipwa anayemzoeza karibu kila siku. Mtoto wake akiingia kwenye nyumba ambamo wazazi wanakwenda kazini na watoto wanakwenda shule, nguvu ile haipati pa kutokea. Atazitafuna fanicha na kuchimba bustani, na wenyeji watasema ni mbwa mbaya, hali amezaliwa vilevile alivyokusudiwa kuzaliwa.

Mkondo wa tatu ni wa uwindaji wa Uingereza. Mashindano ya huko hufanywa katika uwindaji wenyewe: mbwa kadhaa hukaa mstarini bila kufungwa, ndege wanapigwa mbele yao, na kila mara ni mmoja tu anayetumwa. Anayelialia anaondolewa. Anayekwenda bila kutumwa anaondolewa. Mwamuzi humpokea ndege na kumpapasa mbavu kwa vidole, na zikionekana zimevunjwa na meno, mbwa huyo naye siku yake imekwisha. Kwa zaidi ya miaka 100 kanuni hizo zimekuwa zikichuja nani azae na nani asizae, na kilichochujwa hasa ni uwezo wa kungoja. Kwa familia inayowinda siku chache za mwisho wa juma katika msimu, mkondo huu ndio wa kuanzia kutazamwa. Hata hivyo jina lenyewe halitoshi. Nchini Marekani neno “wa Kiingereza” limegeuka kuwa la kuuzia, na wako wauzaji wanaolitumia kwa mbwa wazito wa maonyesho ambao hawajawahi kusikia mlio wa bunduki.

Hapo ndipo karatasi ya nasaba inapofaa, mradi isomwe kwa makini. Katika nasaba ya Kimarekani, herufi FC au AFC mbele ya jina la mbwa huonyesha bingwa wa mashindano ya uwandani. Herufi JH, SH na MH, zinazofuata baada ya jina, zinatokana na mitihani ya uwindaji iliyoanzishwa na American Kennel Club mwaka 1985. Katika mitihani hiyo mbwa hashindani na mwenzake. Anapimwa kwa kiwango kilichowekwa, kuanzia cha mwanzo hadi cha umahiri, na wote wanaweza kufaulu siku moja. Ngazi ya mwanzo inathibitisha kwamba mbwa anaokota. Ngazi ya juu inathibitisha kwamba anatulia akimtazama mwenzake akiokota, anafuata filimbi, na anatumwa kwa ishara ya mkono mahali ambapo hakuona kitu kikianguka. Mama mwenye SH au MH ambaye huishi ndani ya nyumba ni habari njema kuliko bingwa mashuhuri aliyeandikwa mwishoni mwa karatasi. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake. Babu mzaa babu, kwa wastani, anabakiwa na sehemu moja kati ya nane, na muuzaji anayelikariri jina la bingwa wa kizazi cha nne huku akiwa hana la kusema juu ya mama wa watoto ameshajieleza.

Sehemu ya afya ndiyo ambayo wanunuzi huiruka kwa haraka, nayo ndiyo yenye machungu mengi. Ugonjwa wa kale ni wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kiungo kinalegea, gegedu inasagika, na mbwa aliyekuwa akiruka ua anaanza kusita mbele ya ngazi. Historia ya kupambana nao inapita kwa mtu aliyewapenda Labrador kupita kiasi. John M. Olin, mwenye viwanda wa Marekani, alikuwa na banda maarufu la mbwa hawa, na dume lake mweusi King Buck alishinda ubingwa wa taifa wa mbwa waokotaji mwaka 1952 na tena 1953. Mwaka 1959 sura ya King Buck, na bata mdomoni, ilichapwa kwenye stempu ya serikali ambayo wawindaji wa bata hulazimika kuinunua. Lakini Olin aliona mbwa wengi wazuri wakilemaa kwa nyonga, na mwaka 1966 akaanzisha Orthopedic Foundation for Animals, taasisi inayozipima picha za eksirei za nyonga na kuzipa daraja. Hati yake ya kudumu hutolewa mbwa akishatimiza miezi 24. Kwa hiyo anayezalisha jike wa mwaka mmoja na kudai kwamba nyonga zake “zimeonwa na daktari” hana hati hiyo, wala hawezi kuwa nayo.

Uingereza hutumia alama. Kila nyonga hupewa kuanzia 0 hadi 53, na jumla ya zote mbili ni 106 kwa aliye mbaya kabisa. Kadiri alama zilivyo chache ndivyo nyonga zilivyo bora. Viwiko hupimwa pia, na macho hukaguliwa na mtaalamu wa macho ya wanyama. Matokeo ya taasisi ya Marekani yaliyowekwa wazi hupatikana kwa yeyote mwenye jina la usajili la mbwa, na mnunuzi asione haya kuyatafuta mwenyewe kabla ya kumpigia simu muuzaji. Picha nzuri za wazazi hazimhakikishii mtoto nyonga nzuri, kwa sababu jeni nyingi zinahusika na malezi yanachangia. Zinapunguza hatari, basi.

Magonjwa mengine yana hesabu iliyo safi zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzao walitangaza jeni inayosababisha Labrador kuanguka baada ya mazoezi makali. Mbwa mwenye maradhi haya huonekana mzima kabisa. Siku ya joto, baada ya dakika 5 hadi 20 za kuokota kwa furaha, miguu ya nyuma inaanza kuyumba na kujikokota, ilhali ya mbele bado inataka kwenda. Mwili wake umepanda joto. Wengi hupumzika na kusimama tena ndani ya nusu saa. Wachache hufa palepale. Akiangukia majini, hakuna wa kumfikia. Maradhi hutokea mtoto anaporithi nakala mbovu mbili, moja kwa kila mzazi. Mzazi mmoja akiwa safi kabisa, hata kama mwingine amebeba nakala moja, hakuna mtoto atakayeugua. Vivyo hivyo kwa ugonjwa mmoja wa misuli na kwa upofu wa pole pole wa retina: kipimo cha vinasaba kipo, hufanywa mara moja kwa mate au damu, na jibu lake halibadiliki maisha yote. Katika mambo yanayoweza kuzuilika kwa wepesi namna hiyo, mfugaji asiyepima hana udhuru.

Kuna jeni nyingine ambayo hakuna anayeichagulia mtoto, ila kila nyumba inapaswa kuijua. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba takriban robo ya Labrador wana upungufu katika jeni iitwayo POMC, na mbwa hao hawapokei vizuri taarifa ya kushiba. Utafiti uliofuata mwaka 2024 uliongeza kwamba wanatumia nishati kidogo zaidi wakiwa wamepumzika. Njaa yao ni ya kweli. Mtoto wa nyumbani anayemkatia mbwa kipande cha mkate kwa huruma anaijibu njaa ambayo haina mwisho. Na uzito si jambo la sura. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 walilelewa wawili wawili tangu wakiwa wadogo, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliopunguziwa walifikia umri wa kati wa miaka 13.0, wenzao miaka 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa kwa miaka. Hakuna dawa ya mifupa inayompa mbwa karibu miaka miwili ya ziada kama kikombe cha kupimia chakula kinachoheshimiwa na kila mtu aliyemo nyumbani.

Baada ya karatasi ndipo safari ya kwenda kutazama. Waswahili husema mwana hutazama kisogo cha nina, na kwa watoto wa mbwa ni hivyo kwa njia mbili: wamerithi kwake, na kwa majuma saba au nane ya kwanza wamejifunza kwake nini cha kuogopa na nini cha kupuuza. Kwa hiyo mama ndiye wa kutazamwa kwanza. Baba mara nyingi hayupo. Huenda anaishi jimbo jingine, au mbegu zake zilisafirishwa zikiwa zimegandishwa, na hilo si kasoro.

Mgeni anapoingia, mama huja kumsalimu. Labrador mzuri husalimu kwa mwili mzima, mkia ukivuta makalio kushoto na kulia. Cha kuzingatia ni kinachofuata. Baada ya dakika mbili au tatu, wakati watu wameketi na mazungumzo yameanza, mama yuko wapi? Anayejilaza sakafuni akapumua kwa nguvu na kufumba macho anatoa habari kubwa kuliko medali. Anayeendelea kuzunguka, kuleta viatu, kusukuma mkono wa mgeni kwa pua na kubweka kwenye dirisha, naye anatoa habari. Kisha mfugaji aombwe amtoe nje na kumrushia kifurushi cha turubai cha mazoezi. Wakati kifurushi kiko hewani, je, jike huyu anakaa? Masikio yameinuka, misuli ya mapaja inatetemeka, macho yameganda pale kitakapotua, na bado makalio yako chini. Likitajwa jina lake anaondoka kama mshale. Mbwa anayeonyesha yote mawili, hamu inayotetemeka na makalio yasiyonyanyuka, ndiye wa kutafutiwa mtoto.

Mazingira ya malezi nayo yaangaliwe. John Paul Scott na John L. Fuller, baada ya miaka mingi ya kuchunguza mbwa huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa huwa na kipindi cha kuzoea dunia kinachoanza karibu na juma la tatu na kufifia karibu na la kumi na mbili. Sehemu nzuri ya kipindi hicho hupita kabla mnunuzi hajamchukua. Watoto waliokulia pembeni mwa jikoni, wakasikia sufuria ikianguka na mashine ya kufulia ikizunguka, wakapita juu ya saruji, zulia na nyasi, wakashikwa na watoto wa kibinadamu na wazee, wamelipiwa deni ambalo aliyekulia kwenye banda la nyuma atalilipa mwenyewe baadaye, pengine asimalize. Mfugaji mzuri pia huuliza maswali mengi: nani atakuwa nyumbani mchana, ua una ukuta, watoto wana umri gani, mbwa atawinda mara ngapi. Asiyeuliza chochote anauza bidhaa.

Kuhusu kumchagua mmoja kati ya saba au nane wanaobiringishana sakafuni, wanunuzi huamini mno macho yao ya siku moja. Yapo majaribio maarufu ya siku ya 49: kumlaza mtoto chali ionekane atajitutumua vipi, kumwita, kuangusha sufuria, kuviringisha kikaratasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata mbwa wa aina ya Border Collie kutoka uchanga hadi utu uzima, na katika yote yaliyopimwa walipokuwa na majuma sita au saba ni tabia ya kupenda kuchunguza tu iliyoonekana kudumu. Mtoto aliyelala siku ya ziara huenda alicheza asubuhi nzima. Anayewakimbiza wenzake huenda ni kwa kuwa yeye ndiye aliyeamka karibuni. King Buck mwenyewe alipokuwa mdogo aliugua ugonjwa wa distempa nusura afe, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole siku hizo.

Kipo bado cha kufanya. Mtoto apelekwe peke yake mahali asipopajua, mbali na ndugu zake. Bawa la bata lililokaushwa lirushwe umbali wa hatua mbili. Anayelinusa, akaliokota na kulibeba, hata kama analipeleka pembeni badala ya kulirudisha, ana mbegu ya kazi. Kisha mtu achuchumae na kukaa kimya. Mtoto anayerudi kumtazama mtu usoni, kana kwamba anauliza kinachofuata, ana thamani kuliko mwenzake mwenye mbio zaidi. Kitu kidogo kikianguka kwa kishindo, kushtuka si kosa. Kinachopimwa ni muda wa kurudia hali ya kawaida: wengi husogea kukichunguza ndani ya sekunde chache, na anayejibanza kwenye kona asitake kutoka hafai nyumba yenye bunduki. Wale wawili waliopitiliza, mwoga kabisa na mkorofi kabisa, wakiondolewa, familia haitapotea sana ikimwachia mfugaji achague kati ya waliobaki. Yeye amewaona kwa majuma saba, asubuhi na usiku.

Rangi isiwe na uzito. Weusi, njano na kahawia hutokana na jeni mbili tu, na uzao mmoja unaweza kuwa na zote tatu. Njano iliyokolea hadi wekundu ni njano vilevile. Uchunguzi wa kumbukumbu za madaktari wa wanyama wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta Labrador wa kahawia wakifikia umri wa kati wa miaka 10.7 dhidi ya 12.1 kwa wenzao, wakisumbuliwa zaidi na masikio na ngozi, na maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba kuzalisha kwa kulenga rangi huwapunguza wazazi wanaoweza kuchaguliwa. Anayetangaza rangi “adimu” kwa bei ya juu ameonyesha alichokuwa akichagulia. Dume au jike ni suala la uzito, madume wakifikia kilo 29 hadi 36 na majike 25 hadi 32, na la nani ataweza kumwinua mbwa aliyelowa kumrudisha mashuani. Ndugu wawili wasichukuliwe kwa pamoja. Hushikamana wao kwa wao, na mtu anakuwa mgeni katika nyumba yake.

Tarehe ya kuzaliwa ina maana kuliko inavyodhaniwa. Msimu wa bata katika kaskazini ya dunia ni wa vuli na majira ya baridi. Mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa majira ya baridi humpata mwenye nyumba kabla ya kiangazi, akayajua maji yakiwa na uvuguvugu, hatua kwa hatua, kutoka ufukweni palipo kina cha magoti. Aliyezaliwa vuli huingia nyumbani wakati wa barafu na kukutana na maji kwa mara ya kwanza mwaka unaofuata. Yeyote kati yao asiharakishwe. Mifupa inaendelea kukua hadi umri wa mwaka na zaidi, na kumrusha kutoka kwenye gari refu au kumkimbiza pembeni mwa baiskeli akiwa na miezi sita ni kuidai mifupa ambayo haijakomaa.

Bunduki huletwa mwisho. Woga wa mlio kwa kiasi kikubwa hutengenezwa na watu, na huwa umetengenezwa kwa dakika moja: mtoto wa miezi mitatu anapelekwa uwanja wa kulenga shabaha “ionekane kama anaogopa”, na kweli anaogopa. Njia iliyozoeleka ni mlio mdogo, mbali, wakati mbwa yuko mbioni kumfuata ndege na akili yake yote iko huko. Kwa majuma mengi mlio husogezwa karibu, na hatua hurudishwa nyuma palepale mkia unaposhuka. Nchini Marekani fataki za tarehe 4 Julai huwakuta watoto wengi wa mwaka huo katikati ya mafunzo hayo, na usiku huo mahali pao ni ndani, dirisha likiwa limefungwa.

Kuna nyumba ambazo, zikiyapima haya yote kwa uaminifu, zitaona hazina mwaka mmoja na nusu wa kumfunza mtoto wa mbwa. Kwao ipo njia isiyotajwa vya kutosha: kumnunua mbwa wa mwaka mmoja hadi miwili aliyekwisha kuanzwa. Wakufunzi huwa nao, na pengine ni wale walioonekana hawana kasi ya mashindano makubwa ingawa wana kila kitu kingine. Bei yake ni kubwa kuliko ya mtoto, lakini nyonga zinaweza kupigwa picha kabla ya kulipa, mlio wa bunduki unaweza kusikika mbele ya mnunuzi, na mbwa anaweza kuketishwa kando ya bwawa, kifurushi kikarushwa, saa ikatazamwa. Mkufunzi akikubali, familia nzima ije siku hiyo pamoja na watoto, na mbwa apewe wiki mbili za kulala nyumbani kwao kabla ya mkataba kutiwa saini.